Kinyama Kilichotupwa Ndooni

Bamvua lilipokwisha na mwani umeshaanikwa, mama mmoja wa Mlingotini akapata nafasi ya kumpeleka mwanawe akatazamwe uvimbe wa mkononi. Bibi alishasema ni jipu. Lilikandwa kwa maji ya moto wiki nzima, lisiive wala lisiume. Jipu gani hilo lisilouma? Hapo ndipo mtu alipopaswa kushtuka.

Kisa nimekitunga, ila madaktari wa saratani za watoto watakitambua.

Kwenye zahanati ya kulipia alipasuliwa siku hiyohiyo. Kikatoka kinyama cheupe, laini, kikubwa kama kokwa la embe. Kikatumbukizwa kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba zenye damu. Kidonda kikafunga, watu wakashukuru Mungu.

Mfungo haujaisha, uvimbe ukarudi, na mwingine ukaota kwapani. Rufaa ikawafikisha hospitali ya Muhimbili.

"Mama, kile kinyama cha kwanza kiko wapi?"

"Kilitupwa, daktari."

Kingetiwa fomalini kikapelekwa maabara, kingegandishwa kwenye nta na kuweza kupimwa hata miaka baadaye. Kutazama kwa darubini peke yake mara nyingine hakutoshi, maana saratani kadhaa za watoto ni seli ndogo za duara zinazofanana mno. Hata mabingwa wamepotea hapo: mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliuandika uvimbe wa taya za watoto kuwa ni sarkoma, saratani ya nyama na mifupa. Kumbe ni limfoma, saratani ya chembe za kinga, inayoyeyuka kwa dawa pale kisu kinaposhindwa. Miaka ya 1970 ikaonekana kwamba ndani ya seli zake kromosomu ya 8 na ya 14 zimebadilishana vipande.

Sarkoma ya misuli, rabdomiosarkoma, ambayo daktari aliishuku kwa mtoto huyu, nayo ina alama zake. Katika aina moja, kipande cha kromosomu ya 2 au ya 1 huungana na cha 13, jeni mbili zikawa moja. Wenye muungano huo ugonjwa wao huwa mkali zaidi, na daktari hupanga tiba akilijua hilo. Lakini kipimo kinataka nyama, na nyama ilikwenda na taka.

Mtoto akakatwa kipande kingine. Safari hii mama alihakikisha jina la mwanawe limeandikwa kwenye kichupa. Majibu yalipotoka, muungano ulikuwepo, na ugonjwa ulishafika kwenye tezi za kwapa.

"Jeni?" wifi mtu akadakia. "Basi ni la ukoo wenu hilo."

"Hapana, dada," daktari akamjibu. "Zipo familia chache zinazorithi hatari ya saratani. Muungano huu umetokea ndani ya uvimbe wenyewe. Mtoto hakuzaliwa nao, wala mama yake hanao."

Wifi akanyamaza, ila si kwa kukubali.