Marafiki wa Amin na Marafiki Wetu

Ukipeleka magunia ya mpunga kutoka Msangano kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, utaziona siasa za nje kabla hujafika sokoni. Malori ya Zambia na Kongo yamepanga foleni kuelekea Nakonde, reli ya TAZARA inavuka mpaka, na bomba la TAZAMA linapeleka mafuta Ndola. Chanzo kikubwa cha hayo yote ni uamuzi uliofanyika mbali na hapa. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Zambia ikabanwa upande wa kusini, na Tanzania ikaamua kumfungulia jirani njia ya baharini. Bomba lilikamilika mwaka 1968. Reli, kilomita 1,860, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba baada ya nchi za Magharibi kukataa, ikakabidhiwa mwaka 1976.

Vijana wa wilaya yetu ya Momba hupita hapo kila wiki. Wengi wamesikia pia habari za Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, lakini wanaiona Kagera kama nchi ya mbali, upande mwingine kabisa wa Tanzania. Kumbe vita vile na njia hii ya Tunduma ni habari moja.

Tuanze na mpaka. Sisi tunajua mpaka uliochorwa na wageni ni kitu gani. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani walipogawana nchi, mstari ulipitishwa ili barabara ya Stevenson ibaki mikononi mwa Mwingereza, na Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili. Mkataba huohuo ulipitisha mstari mwingine kaskazini-magharibi, kwenye latitudo ya digrii moja kusini, bila kuujali mto Kagera. Kipande cha ardhi kikabaki Tanzania, kaskazini ya mto. Ni kipande hicho, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, ambacho Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza mwanzoni mwa Novemba 1978 kuwa ni mali ya Uganda, akidai kwamba mto ndio mpaka halali.

Afrika ilikuwa na jibu la madai kama hayo tangu Julai 1964. Huko Cairo, wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni, na aliyelitetea azimio hilo kwa nguvu alikuwa Rais wetu, Mwalimu Nyerere, mwenyewe. Kwa hiyo askari wa Amin walipovuka mpaka wa Mutukula mwishoni mwa Oktoba 1978, wakapora ng'ombe, wakaua raia, na daraja la Kyaka likalipuliwa, Tanzania ilitegemea jambo moja dogo kutoka kwa wenzake, yaani kumlaani mvamizi. Umoja haukumlaani. Ulituma wasuluhishi wakazisihi pande zote mbili ziache kupigana, kana kwamba aliyevunjiwa nyumba na aliyeivunja wana kesi moja.

Kwa nini? Jibu linarudi nyuma miaka saba.

Amin alipompindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa mkutanoni Singapore, Uingereza na Israeli zilifurahi. Nyerere alikataa kumtambua, akampokea Obote Dar es Salaam. Baada ya mwaka mmoja Amin aliwafukuza Waisraeli, akamgeukia Muammar Gaddafi wa Libya. Baadaye silaha za Kisovieti, vifaru na ndege za MiG, zikamiminika Uganda. Mwaka 1975 mkutano wa wakuu wa Afrika ulifanyika Kampala na Amin akawa mwenyekiti wao. Tanzania ilisusa. Hapo ndipo tulipopaswa kuelewa kwamba chombo kilichomkalisha mtu yule kitini hakingemwinua siku akivamia jirani.

Na ukweli wote usemwe. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka ardhi yetu kwenda kumng'oa Amin, wakashindwa vibaya, Libya ikamletea Amin msaada, na Siad Barre wa Somalia akasimamia makubaliano ya Mogadishu kati ya nchi mbili. Kitendo kile kilitugharimu. Miaka sita baadaye, kila serikali ya Afrika iliyotaka kukaa kimya ilikuwa na kisingizio tayari: nyinyi nanyi mliwahi kuingilia. Aliyedhulumiwa akiwa na doa moja, mashahidi wavivu hulishika hilohilo. Wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kufa mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na baraza la majirani la kukimbilia.

Sasa turudi Tunduma, maana Oktoba 1978 ulikuwa mwezi mzito huku pia. Mwanzoni mwa mwezi ule Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza kuifungua tena njia ya reli ya kusini kupitia Rhodesia, njia aliyokuwa ameifunga tangu 1973. Sababu yake ilikuwa mbolea. Shehena zilikwama bandarini Dar es Salaam, reli yetu ilielemewa, na mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia. Mkulima wa Msangano hahitaji kuelezwa maana ya mbolea inayofika baada ya mvua. Nyerere na Samora Machel wa Msumbiji hawakufurahi hata kidogo, kwani mapambano ya ukombozi yalitegemea kuibana Rhodesia. Tarehe 19 mwezi huohuo ndege za Rhodesia zikapiga kambi za wapigania uhuru karibu na Lusaka. Siku chache baadaye, Amin akavuka Mutukula.

Mimi simlaumu Kaunda. Undugu wa nchi hauwezi kuotesha mahindi bila mbolea, na sisi wenyewe tulishindwa kuisafirisha kwa wakati. Tuliahidi njia, tukawa na bandari iliyosongamana. Rafiki unayemtegemea vitani ni lazima umtunze wakati wa amani kwa kazi inayoonekana, na pale tulipunguza wenyewe nguvu ya neno letu. Pamoja na hayo, urafiki wa nchi za mstari wa mbele katika ukombozi haukuvunjika, na Msumbiji, nchi maskini iliyokuwa ikishambuliwa na Rhodesia, ilituletea kikosi cha askari. Ilifanya hivyo kwa sababu Tanzania ilikuwa imewalea wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kwa miaka kumi na zaidi bila kuwatoza kitu.

Linganisha na marafiki wa Amin. Gaddafi alimletea askari wengi, vifaru na makombora ya Katyusha. Machi 1979 walikutana na majeshi yetu Lukaya, kwenye barabara ya mabwawani kati ya Masaka na Kampala. Siku ya kwanza walituyumbisha. Siku ya pili walivunjwa, wakafa kwa mamia katika nchi wasiyoijua, wakati askari wengi wa Amin mwenyewe walikuwa wameanza kukimbia. Mwisho wa Machi Gaddafi alimpa Nyerere sharti kwamba aondoe majeshi au Libya iingie vitani waziwazi. Ndege yake ya Tupolev ikaja kupiga matangi ya mafuta Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaua swala katika hifadhi ya wanyama ya Saanane.

Hapa Nyerere alifanya jambo ambalo naona halifundishwi vya kutosha. Majeshi yetu yalipoizunguka Kampala mwezi Aprili, aliagiza barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya wapate pa kutokea. Kijeshi, kumwachia adui mlango ni jambo gumu kulimeza. Kisiasa, hakutaka vita vya kumtoa mvamizi vigeuke kuwa ugomvi wa Afrika na Waarabu, ambao ungewaleta wengine upande wa Amin. Kwa fikra hiyohiyo, kabla Kampala haijaanguka tarehe 11 Aprili, Waganda walikuwa wamekutanishwa Moshi na kumchagua Yusuf Lule, ili serikali mpya iwe yao. Hata hivyo, Julai mwaka ule, mkutanoni Monrovia, Jaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania mbele ya wakuu wenzao.

Bili ikaja. Gharama za vita zinakadiriwa kufikia dola milioni 500 za wakati ule. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Watu wazima wa leo wanakumbuka foleni za sabuni na sukari, na shule zilizokosa madaftari. Mabasi na malori ya raia yaliyochukuliwa kubeba askari, mengi yalirudi yamechakaa. Bei ya mafuta ya dunia ilikuwa imepanda mwaka huohuo, na Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia wakalipua daraja la TAZARA kwenye mto Chambeshi, huko Zambia. Dunia iliyofurahi kimoyomoyo kwamba Amin ameondoka haikuchangia gharama ya kumwondoa. Wakopeshaji walipokaa mezani nasi, walijadili thamani ya shilingi. Kyaka haikutajwa.

Somo hilo halijazeeka. Malori yaleyale ya Kongo yanayolala Tunduma yanatoka katika nchi iliyo vitani leo. Kikosi cha Afrika Mashariki kiliingia huko mwisho wa 2022, kikaondoka baada ya mwaka mmoja. Kikaja cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kikiwa na askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23, wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, Januari 2025, na miezi miwili baadaye SADC ikaamua kukiondoa kikosi chake. Mapatano kati ya Kongo na Rwanda yalitiwa saini Washington, Juni mwaka huo, na madini yalikuwa sehemu ya mazungumzo.

Nchi inayovamiwa hupigana pia na maamuzi yaliyofanywa ikiwa na amani: nani ilimsaidia bila kumdai, nani ilimnunua, ahadi ipi ilishindwa kuitimiza. Amin alikuwa na silaha, na mshirika mwenye mafuta, na aliwahi kukalia kiti cha uenyekiti wa Afrika. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, bila kurudi madarakani.

Walimu wa historia wa Momba, wafundisheni watoto vita hivi wakiwa wamesimama kando ya reli ile. Na wazee wa mgambo na wanajeshi waliorudi wakalima bonde letu bado wapo wachache. Waiteni madarasani mwaka huu, waulizwe walichokiona.