Tarakimu za Kuita

Kuna tarakimu za kuhesabu na tarakimu za kuita. Bei ya gunia la mahindi ni hesabu: huongezwa, hupunguzwa, hugawanywa. Lakini namba ya kitambulisho ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na hakuna mwenye akili ajumlishaye majina.

Excel, programu ya majedwali itumikayo katika ofisi nyingi, haijui tofauti hiyo mpaka iambiwe. Sifuri iliyo mbele ya namba ya simu huitupa. Kosa dogo, kwani sifuri hurudishwa. La kutisha ni jingine. Programu hiyo hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi huzigeuza sifuri. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Ikiandikwa kama hesabu, bila vistari, tano za mwisho hufa, na watu wawili waliozaliwa siku moja waweza kuwa mtu mmoja katika daftari. Nani atalipwa, na nani ataambiwa amekwisha kulipwa?

Dawa ni nyepesi: kuiambia programu, kabla ya kuandika, kwamba hayo ni maandishi, au kutanguliza alama kama ile iliyo katika neno ng'ombe. Kabla, si baada.

Wengi humlaumu mtambo. Lakini mtambo haukunyamaza: huionyesha namba hiyo kwa ufupi wa ajabu, herufi E ikiwa katikati. Karani huchukizwa na sura hiyo, huibadili, tarakimu hujipanga tena. Huzihesabu. Ziko 20, naye huridhika.