Sarafu ya Tatu

Jumatatu asubuhi ndiyo siku nzuri ya ufukweni. Jumapili watu walijaa, wakacheza mpira, wakavua pete na kuziweka ndani ya kiatu zisipotelee majini, kisha mtoto akakipindua kiatu. Jua halijawa kali mimi nimeshafika na fimbo yangu yenye sahani mwishoni, vitu vya kusikilizia masikioni na koleo dogo kiunoni. Wauza mihogo wa pale mwanzoni waliniita Mchina, baadaye wakaniita Usalama, sasa wananiita Fundi tu na kuniuliza leo bahari imetoa nini.

Mashine niliinunua kwa mchimbaji mdogo wa Chunya aliyekuwa amechoka na dhahabu, au dhahabu ndiyo iliyomchoka. Hakuna uchawi ndani yake, ingawa nimeshaulizwa kama naifukizia. Ndani ya sahani mna waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo, nguvu ya sumaku huingia ardhini, na ikikuta metali, metali hujibu. Jibu hilo ndilo mashine inalogeuza kuwa mlio: chuma huguna kwa sauti nzito, shaba na fedha hulia kwa sauti nyembamba. Sarafu iliyolala sentimita 20 chini utaisikia kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili. Kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi mashine yangu huweweseka na kulia bila sababu, kwa hiyo nimejifunza kukaa upande wa mchanga mkavu. Ninachofukua zaidi ni vizibo vya soda. Baada ya vizibo, misumari. Baada ya misumari, sarafu za shilingi 100 na 200.

Mara moja nilipata pete ya dhahabu yenye herufi mbili kwa ndani. Nakumbuka mwalimu wetu wa madrasa alivyotufundisha hukumu ya mali ya kuokota: unaitangaza mwaka mzima, na katika kuitangaza husemi sifa zake zote, ili anayekuja kuidai azitaje yeye. Nilimwachia muuza mihogo ujumbe kwamba kuna pete, basi, bila la ziada. Wiki ya tatu akaja mwanamke na mumewe, akataja herufi zote mbili kabla sijamuuliza. Alilia. Mume alitaka kunipa hela, nikakataa kwa madaha, na kwa miezi kadhaa nilijiona mtu safi kuliko wenzangu wote. Naieleza pete kwa sababu ndiyo iliyonifanya niamini kwamba mchezo huu hauna deni.

Mwaka uliofuata nilikwenda na mashine kwa mjomba wangu, upande wa Kilwa. Kijiji sitakitaja. Shamba lake liko karibu na bahari, na pembeni yake kuna kuta mbili za mawe ya matumbawe ambazo watu wa pale wanaziita tu “magofu”, kama mtu anavyosema “migomba”. Mjomba alifurahi sana kuiona mashine, kwa sababu yeye, kama wazee wengi wa kusini na hata bara, anaamini Mjerumani alizika mali. Hadithi hizo kila mtu kwetu amezisikia: alama kwenye mbuyu, jiwe lenye mshale, mzee mwenye ramani anayeiuza kwa bei ya ng'ombe. Ndani yake mna punje ya kweli. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa vitani, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo, na zilikuwa maelfu. Lakini kutoka hapo hadi sanduku chini ya mbuyu wa mjomba ni mwendo mrefu.

Mlio wa kwanza ulitupa heller moja ya mwaka 1910, ya shaba nyekundu, yenye taji. Mjomba aliishika kwa kidole na gumba, nikamwambia kwamba hiyo ndiyo iliyotupa neno hela. Akacheka, akasema basi leo kwa mara ya kwanza ameishika hela yenyewe, zile nyingine zote zilikuwa majina.

Kisha nikasogea karibu na magofu.

Sarafu mbili za kwanza zilitoka juu juu, kwenye udongo ambao jembe limeshaupindua mara nyingi. Nyembamba, zisizozidi ukucha wa kidole gumba, zimeota kijani. Nilizisafisha kwa mate na upindo wa shati (jambo ambalo nalo nimekuja kuambiwa si la kufanya) na maandishi ya Kiarabu yakatokea. Fulusi za Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, upande mmoja jina la sultani na baba yake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina kina, kama ubeti mfupi unaousoma kwa kugeuza mkono. Mtu yeyote aliyekua pwani atanielewa nikisema miguu iliniisha nguvu. Nilikaa chini.

Ya tatu ilikuwa chini zaidi. Hiyo nitairudia.

Usiku ule mjomba alimwita ustadh wa kijiji, jirani yake, kijana mwenye elimu nzuri, tukaweka sarafu juu ya mkeka. Mjomba alitaka kujua jambo moja: ni halali yetu? Ustadh alitueleza vizuri, na nimekuwa nikiyafikiri maneno yake tangu siku ile. Mali iliyozikwa zamani na watu wa kabla ya Uislamu, alisema, ni rikazi: aliyeipata hutoa khumsi, moja ya tano, na iliyobaki ni yake. Lakini mali yenye alama ya Waislamu, wengi wa wanazuoni wanaihesabu kuwa ni mali ya kuokota, iliyompotea mtu. Akaiinua sarafu karibu na taa. “Na hii imeandikwa jina la Muislamu. Kwa hiyo, Allahu aalam, itangazwe.”

“Itangazwe kwa nani, ustadh?” mjomba akauliza. “Mwenyewe yuko wapi?”

Ustadh alitabasamu, akasema hapo ndipo elimu yake ilipokomea.

Tulicheka sote watatu. Lakini swali lile nilirudi nalo Dar es Salaam ndani ya mkoba, pamoja na sarafu. Pete ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jambo analolijua peke yake: herufi mbili. Sarafu ya Kilwa mwenyewe amekufa kwa karne nyingi. Kama hakuna wa kuja kutaja sifa zake, je, deni limekufa naye? Mtaani tunasema “nimeokota” kana kwamba neno hilo ni risiti.

Aliyenijibu ni rafiki yangu aliyesomea mambo ya kale, na alinijibu bila kujua. Nilimwonyesha picha za sarafu. Nilitarajia afurahi. Badala yake akaniuliza maswali, kwa upole, kama daktari: ilikuwa kina gani? Udongo wa rangi gani? Kulikuwa na vigae karibu? Mkaa? Kila swali nilijibu “sikuangalia”. Ndipo akanieleza kwamba sarafu za shaba za Kilwa hazina mwaka. Jina lipo, mwaka haupo. Sultani mmoja, Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake liko kwenye sarafu nyingi sana, Neville Chittick aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 alimweka karibu na mwaka 1200. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, Mark Horton na wenzake wakafukua akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na humo jina la Ali bin al-Hasan lilikuwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, ambazo zina miaka. Sultani akarudi nyuma hadi karne ya 11. Zile dinari zisingesema lolote kuhusu Ali kama mtu angezitoa kwanza akaziuza, akaziacha za fedha kwa mwingine. Maana yake ilikuwa katika kulala pamoja.

“Kwa hiyo,” alisema, “sarafu iliyo juu ya sakafu, imemdondoka mtu. Iliyo chini ya sakafu, inakwambia sakafu ilimwagwa baada yake. Unaona? Shaba ni ileile, habari ni mbili.”

Niliona. Niliona vizuri sana, kwa sababu ya sarafu ya tatu.

Mashine ilikuwa imelia kwa mbali, sauti nyembamba. Nilichimba kwa koleo, nikafika mahali koleo halishuki. Nilimwomba mjomba sururu. Pigo la kwanza lilitoa sauti ya kopo tupu, la pili likapasua. Vipande vyeupe, bapa, laini upande mmoja kama sahani. Nilivitupa pembeni na wala sikujiuliza ni nini, au nilijiuliza nikajizuia, sasa siwezi tena kusema ni lipi. Chini yake palikuwa na udongo mwekundu mkavu, na ndani yake sarafu. Nilikuwa nimevunja sakafu ya chokaa ya nyumba ya mtu.

Rafiki yangu aliponiuliza juu ya ile ya tatu kulikuwa na nini, nilimwambia udongo.

Nimejitetea kwa njia nyingi. Mjomba mwenyewe alinitetea kabla sijashtakiwa: bahari inakula zile kuta kila masika, ukuta wa zizi la mbuzi umejengwa kwa mawe yake, na baba yake alichoma matumbawe yaleyale kupata chokaa. “Mjomba,” aliniambia, nasi huitana hivyo pande zote mbili, “wewe umetoa sarafu tatu tu.” Ni kweli, na zile mbili za juu sidhani kama zinanilaza macho, jembe lilikuwa limeshazihamisha. Lakini mbuzi na bahari haviwezi kuongopa vikiulizwa. Mimi niliulizwa.

Nimesoma pia habari za Uingereza, ambako watu wenye mashine kama yangu ni wengi na wana sheria yao. Mwaka 1992 huko Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikwenda shambani kumtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea. Akakuta dhahabu na fedha za Warumi. Alitoa kiasi, halafu akaacha, akatoa taarifa, na wataalamu wakaja kuitoa iliyobaki ikiwa bado imepangika kama ilivyowekwa ndani ya sanduku: sarafu karibu 15,000. Alilipwa paundi 1,750,000, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana. Miaka 23 baadaye, karibu na Leominster, wawili wengine walikuta akiba ya zama za Waviking, wakanyamaza wakaanza kuuza. Mahakama ikawafunga mwaka 2019. Wataalamu walikadiria sarafu kama 300, zilizopatikana ni kama 30. Watu hupenda kusema tofauti kati yao ni uaminifu. Mimi navutiwa zaidi na ile dakika ya Lawes, mashine bado inalia, mkono umeshajaa, na mtu anaacha. Najua ule mlio. Sijui kama ningeacha hata kama ningelijua jina la nilichokuwa nakivunja.

Kwetu sheria iko wazi kuliko nilivyodhani: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na kuvichimbua bila kibali ni kosa. Ile heller ya mjomba imepona kwa miaka 47. Sarafu zangu hazikupona.

Kwa hiyo, kutangaza. Sasa najua wa kumtangazia, na huyo si maiti. Ni yule rafiki yangu na wenzake, ni watoto wa pale kijijini ambao wanasema “magofu” kwa sababu hakuna aliyewaambia ni nyumba ya nani, ya lini. Wao ndio ambao sifa za kitu kile zingewafaa: kilikuwa chini ya sakafu, sentimita kadhaa, udongo mwekundu. Bado nazikumbuka sifa hizo, na kwa kuwa hazikuandikwa popote, ziko kwangu peke yangu. Katika hukumu ya mali ya kuokota anayejua sifa ni mwenye mali. Hapa anayezijua ni mwokotaji.

Ila nikitaja sakafu, nataja shamba. Nilimpigia mjomba simu mwezi uliopita nikamweleza yote, pamoja na lile neno “udongo” nililomwambia rafiki yangu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama watakuja na vigingi. Shamba lile ni la kurithi, hana karatasi, na amewaona watu wengine pwani hii wakiambiwa hapa sasa pasilimwe. Nilimwambia sijui. Nilitaka kumwahidi, nikaona nimeshasema uongo mmoja unaotosha.

“Ulipopasua pale,” akasema, “nimeshafukia. Nimepanda muhogo.”

“Mizizi itakuwa imefika chini?”

“Muhogo haufiki huko. Ukigota kwenye kile cheupe, unakwenda pembeni.”

Tulikubaliana nisubiri avune. Sarafu ya tatu iko ndani ya kichupa cha vidonge, na nimeweka pamoja nayo kipande kimoja cha ile chokaa, ambacho nilikikuta wiki ileile kwenye mfuko wa koti, na sikumbuki nilikiokota saa ngapi.