Kete za Mwitongo

Msikilizaji wa Busisi, daraja lipo, foleni ya kivuko tumeiaga. Ukishavuka, ukafika Mwanza, shika barabara ya Magu, pita Bunda, ingia Butiama. Huko kuna Mwitongo.

Ni kwa akina Nyerere. Ni mji wa ukoo wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na ndiko Mwalimu Nyerere alikorudi alipong'atuka uongozini. Alirudi shambani. Alirudi kwenye vitabu vyake. Alirudi kwenye bao, akaketi na wazee, kete zikazunguka shimo hadi shimo.

Mwaka 1999, mwaka huohuo aliofariki, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa hapohapo nyumbani. Mgeni huona picha, huona zawadi alizotunukiwa, kisha hufika kaburini kwake.

Inahitaji moyo mkuu, familia kufungulia taifa uwanja wake. Lakini kumbukumbu ni kete. Ukizifumbata kiganjani, mchezo umesimama. Familia hii imezisambaza.

Nawe, leo kazini, wakati wa chai, muulize mzee mmoja: nyumba yenu ya kwanza aliijenga nani, na kitu gani chake bado mnacho?