Mali Iliyofika Nusu

Tumeletewa suala ambalo twaona lawahusu wengi, kwa kuwa siku hizi mtu huketi nyumbani kwake Mombasa akanunua kitu Dubai kwa kadi ya benki. Muulizaji alinunua mapazia sita ya bei moja kwa shilingi 24,000, yakamfikia manne. Alimwandikia muuzaji mara tatu asijibiwe. Jirani akampa shauri: “Iambie benki kuwa hukupata kitu, urejeshewe zote.” Auliza: je, ni halali, maadamu muuzaji ndiye aliyeanza dhuluma?

Twasema: haki yake ni shilingi 8,000, na kuzidai si tamaa. Wako miongoni mwetu wasemao, “Nimemwachia Mungu,” na kweli ni kuwa wameona uvivu kujaza karatasi. Kusamehe ni kwema, lakini husamehe mwenye kujua haki yake. Na muda una mwisho. Katika kanuni za Visa na Mastercard mara nyingi ni siku 120.

Ama zile 16,000, hizo ni thamani ya mapazia yaliyokwisha kutundikwa madirishani mwake. Akizitwaa amekula mali pamoja na thamani yake. Surat al-Mutaffifin tumezoea kuisoma tukimfikiria mwenye duka na mizani yake, wala hatumfikirii mnunuzi. Tena neno aliandikialo benki ni ushahidi. Benki haikukiona kifurushi. Husadiki kalamu yake, na fedha zikatoka kwa muuzaji. Kanuni zenyewe zaruhusu kudai ile sehemu tu isiyofika, basi hata udhuru wa kukosa njia hana.

Husemwa: “Ni kampuni ya mbali, tena si ya Waislamu.” Mtume (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622 alimwacha nyuma Sayyidna Ali azirejeshe amana za watu, na mji huo ndio uliokuwa umepanga kumuua.

Iko sura iliyo ngumu zaidi: kilichofika hakina faida bila ya kisichofika, kama cherehani iliyokuja bila ya mota yake. Hapa hatumlazimishi mtu kukaa na chuma asichoweza kukitumia. Mafakihi wa Kishafii, walipozungumza habari ya mauzo yaliyoharibika sehemu yake kabla ya kukabidhiwa, walimpa mnunuzi hiari: avunje biashara, au ashike kilichopo kwa fungu lake la thamani. Akivunja, na akirejeshe alichopokea, au amwarifu muuzaji kuwa kipo kwake kama amana. Kukiuza huku akingojea fedha zote ni lile lile shauri la jirani, limevaa nguo nyingine.

Muulizaji wetu na aandike kuwa alinunua sita, amepata manne, adai thamani ya mawili, na aziambatishe barua zake tatu. Na yale mawili yakija baada ya benki kumrejeshea, aiarifu siku ile ile.