ELIMU YA MIMEA NI MALI YA NANI?

Siku hizi ambapo habari za ukame, mafuriko na misitu iliyoteketea zasikika kila mara, wataalamu wengi wazunguka katika nchi zetu wakipima mvua, wakihesabu miti, wakikusanya majani na mbegu. Wapo watu wa namna mbili wanaowatazama kwa mashaka. Wa kwanza husema: "Fedha zote hizi zatumika kuhesabu majani, na huku watoto hawana dawa wala madawati!" Wa pili, ambaye mara nyingi ni mkulima mwenyewe, husema: "Walikuja, wakapima, wakaandika, wakaenda zao. Walichokiona shambani mwangu sikuambiwa mpaka leo."

Malalamiko haya si ya watu wapumbavu, wala haifai kuyajibu kwa kicheko. Twataka kuyapima yote mawili kwa haki, maana chini yake lipo swali moja lililo kubwa kuliko yenyewe: elimu hii ya mimea na ya mabadiliko ya nchi ni mali ya nani?

Kwanza yafaa tujue jinsi elimu ya namna hii inavyopatikana. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na hakuna kazi inayothibitisha neno hilo kuliko hii. Mwaka 1948 ilianzishwa kazi ya kuandika mimea yote inayoota yenyewe katika Kenya, Uganda na Tanzania. Vitabu vyake vilipewa jina la Flora of Tropical East Africa, na sehemu za kwanza zilitolewa mwaka 1952. Unajua, ndugu msomaji, kazi hiyo ilimalizika lini? Mwaka 2012. Ilichukua zaidi ya miaka sitini, na waandishi 135 kutoka nchi 21 walitia mikono yao. Mwishowe waliandika aina 12,104 za mimea. Wengi walioianza hawakuuona mwisho wake. Walipanda wakijua kwamba watavuna wengine.

Tena hao 135 ni wale tu walioshika kalamu. Nyuma yao walikuwako watu wengi zaidi: waliopanda milima wakibeba karatasi za kukaushia majani, waliowaonyesha wageni njia, waliojua ni mti gani huchanua mwezi gani, na walioitunza mimea mikavu miaka nenda miaka rudi isiliwe na wadudu. Nyumba kubwa ya kuhifadhia mimea hiyo ilikuwa kwanza Amani, katika milima ya Usambara, kisha mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi. Kila jani lililobandikwa mle lina tarehe na mahali lilipochumwa. Jani moja laonekana kuwa si kitu. Lakini majani ya miaka mia yakiwekwa pamoja huwa shahidi asiyehongwa: hutuambia kwamba mahali fulani paliota mti fulani, na leo haupo tena.

Hapo ndipo tunaweza kumjibu yule wa kwanza, asemaye kwamba kuhesabu majani ni anasa. Tutazame mlima Kilimanjaro. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walichora ramani ya mlima ule, na barafu ilikuwa imefunika kilometa za mraba 12 hivi. Wataalamu walipolinganisha hali hiyo na ile ya mwaka 2007, waliona kwamba asilimia 85 ya barafu ilikwisha toweka. Ulimwengu wote ukashtuka, na watu wengi wakasema: "Barafu ikiisha, maji ya watu wa Kilimanjaro yataisha nayo."

Je, ni kweli? Mtu aliyeutazama mlima kwa mbali tu angekubali mara moja. Bali wale waliokuwa wakihesabu mimea walikuja na neno jingine. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyefanya kazi katika mlima ule kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba hasara kubwa zaidi ya maji haitoki katika barafu, bali katika misitu ya juu inayoungua. Msitu ule hunasa ukungu. Ukungu hugusa majani, hugeuka matone, matone hudondoka ardhini, na ardhi huyatunza na kuyatoa polepole katika chemchemi. Hali ya nchi ilipozidi kuwa kavu, moto ulizidi kupanda. Moto huo huwashwa mara nyingi na mkono wa mtu, kama vile warina asali na wawindaji haramu, na ukame huufanya usizimike. Hivyo mpaka wa juu wa msitu ulishuka chini kwa mamia ya meta, na mahali pa miti mirefu pakabaki vichaka, ambavyo haviwezi kuunasa ukungu kama miti.

Tazameni basi tofauti yake. Kama tungeamini lile neno la kwanza peke yake, tungekaa kuililia barafu, ambayo hakuna mwanakijiji awezaye kuizuia isiyeyuke. Kwa kulijua neno la pili, twajua la kufanya: moto wa msitu waweza kuzuiwa. Kumbe yule aliyehesabu miti hakuwa akicheza. Alikuwa akitafuta chanzo cha maji ya kunywa ya mtoto huyu huyu asiye na dawa. Mtu mwenye njaa ahitaji chakula leo, hilo halina ubishi. Lakini ahitaji pia kujua kwa nini kisima chake kimekauka, la sivyo atakuwa na njaa kesho na kesho kutwa. Twasema hivi bila kudai kwamba kila shilingi ya utafiti imetumika vema. Twasema tu kwamba kuhesabu mimea na kuwalisha watu si kazi mbili zinazopigana.

Sasa tumgeukie yule wa pili. Malalamiko yake ni mazito zaidi, na katika jambo hili twamwona kuwa ana haki.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata ua dogo la zambarau katika nchi ya Usambara, akapeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliliandika ua hilo na kuliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo wa yule mtawala. Leo ua hilo huuzwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na watu wengi wamepata riziki kwa kulizalisha na kuliuza. Huku kwetu aina zake za mwituni zimebaki katika mabaki ya misitu, nyingine zikiwa karibu kutoweka, na mwenyeji wa milima ile hakupata sehemu katika biashara hiyo. Hata jina la ua si lake.

Atakuja mtu kutuambia: "Elimu ni ya wanadamu wote, haina mipaka, mbona mwataka kuifungia kama ng'ombe zizini?" Neno hilo ni zuri, nasi twalikubali. Lakini yatupasa kuangalia ni nani analisema, na wakati gani. Mara nyingi maneno "hii ni mali ya wote" husemwa na yule aliyekwisha kuchukua fungu lake. Elimu yaweza kuwa ya wote, na bado deni likawa la mtu fulani kwa mtu fulani. Ukiazima jembe kwa jirani ukalima shamba ambalo mazao yake yatawalisha watu wengi, wingi wa watakaokula haukuondolei wajibu wa kurudisha jembe.

Mataifa yenyewe yaliliona jambo hili. Mwaka 2010, katika mkutano wa Nagoya huko Japani, yalipatana kwamba anayetumia mimea na viumbe vya nchi nyingine sharti apate kibali, na faida zipatikanazo zigawanywe kwa haki. Mapatano hayo yalianza kuwa na nguvu mwaka 2014. Katika Tanzania, Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo itoayo vibali kwa watafiti. Mambo haya ni mema, lakini hayatoshi. Mapatano huandikwa kati ya serikali na serikali, na kibali hukaa ofisini. Mkulima yuko kijijini. Faida nayo si fedha tu. Faida ya kwanza ambayo kila mtafiti aweza kuilipa, hata asiyeuza ua wala dawa, ni kumrudia mwenyeji na kumweleza kwa lugha anayoielewa: "Hiki ndicho tulichokiona katika shamba lako."

Kwa nini twalikazia neno hili? Kwa sababu elimu isiyorudishwa hugeuka kuwa amri. Mama akikatazwa kuokota kuni katika msitu kwa ajili ya utafiti ambao hakuambiwa kamwe, kwake yeye hiyo si elimu. Ni nguvu tu ya mwenye nguvu. Naye atatafuta njia ya kuikwepa. Lakini mama huyo huyo akielezwa jinsi ukungu unavyogeuka maji ya chemchemi anayochota kila asubuhi, huwa mlinzi wa msitu kuliko askari kumi.

Tena mwenyeji si wa kufundishwa tu. Anayo ya kufundisha. Katika vihamba vya Wachaga, mahali migomba, kahawa na miti mirefu inapokaa pamoja, wataalamu waliandika aina zaidi ya 500 za mimea, na nyingi kati yake hazikupandwa na mtu, bali ziliachwa ziote. Ni nani aliyeutunza wingi huo? Si hifadhi, wala si chuo kikuu. Ni wazee waliojua mti upi ukatwe na upi uachwe, wakawarithisha watoto wao kazi hiyo. Kuanzia mwaka 2010 watafiti wa Ulaya na wenzao wa Tanzania walifanya kazi pamoja katika viwanja 60 vya mlima ule, tangu nyika za chini hadi sehemu za juu, katika misitu na katika mashamba pia. Mwaka 2019 walitangaza kwamba madhara ya kulima na kukata si sawa kila mahali: nchi kavu za chini huumia zaidi, nchi zenye mvua huvumilia zaidi. Neno kama hilo lisingejulikana kama wenye mashamba wangefunga milango yao. Je, si haki basi wawe wa kwanza kulisikia? Nani amhitajiye mwenzake hapo, mgeni au mwenyeji? Wote wawili. Ndiyo maana husemwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni aliyeondoka na dawa mfukoni hajamponya mwenyeji.

Kwa haki hiyo hiyo, hatuna budi kumwambia mkulima neno moja ambalo huenda lisimpendeze. Anayedai kuambiwa ukweli ajifunge kuupokea. Si haki kudai habari za shamba lako, kisha ukaambiwa kwamba moto wako ndio unaokausha mto, ukajibu: "Hayo ni maneno ya wageni." Mwenye sehemu katika elimu ana sehemu katika wajibu wake pia. Kweli, mzigo wote usiwekwe juu ya maskini anayekata mti kwa kukosa nishati nyingine, maana wapo wakubwa wanaoharibu zaidi yake bila shida yoyote inayowasukuma. Lakini shida yaweza kupunguza lawama. Haiwezi kuugeuza uongo kuwa kweli.

Basi tulijibu swali letu. Twaona kwamba elimu ya mimea si mali ya mtafiti, wala ya taifa lililotoa fedha, wala hata ya kijiji peke yake. Ni amana. Walioianza walikwisha kufa, na watakaoihitaji zaidi hawajazaliwa. Sisi tulio katikati tumeshikizwa tu. Mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuificha, wala ya kuiuza kwa faida yake mwenyewe, wala ya kuiacha ioze kwa uvivu.

Na uvivu huo wa mwisho ndio tunaouogopa zaidi majumbani mwetu. Watoto wengi leo wajua majina ya magari yote yapitayo barabarani, lakini hawajui majina matatu ya miti iliyo nyuma ya nyumba yao. Babu na bibi wakiondoka, majina huondoka nao, na pamoja na majina huondoka habari za dawa, za chakula cha wakati wa njaa, na za mahali maji yalipokuwa. Enyi wazazi, msingoje mtaalamu wa kutoka mbali. Waiteni wazee, wapelekeni watoto shambani, waulizeni majina, mwandike katika daftari pamoja na tarehe na mahali. Siku mtafiti atakapokuja na mizani yake, akute watu wenye cha kumpa; nao wakishampa, wawe na haki ya kumwuliza atarudi lini.