Kosa la Aliyenitangulia
Nilipewa skripti ya zamani inayoonyesha hali ya kompyuta, niihamishe kutoka Python 2, iliyoacha kuhudumiwa mwaka 2020, hadi Python 3. Amri ya print isiyo na mabano iligoma papo hapo, nikairekebisha. Alama ya kugawanya haikulalamika. Zamani megabaiti 7936 zikigawanywa kwa 1024 jibu lilikuwa 7, desimali ikitupwa. Sasa ni 7.75. Kumbe ripoti zilipunja kumbukumbu ya mashine miaka yote hiyo. Je, nirudishe 7 ili jibu lifanane na la jana? Sikubali: kumheshimu aliyenitangulia si kulinda kosa lake. Lakini kubadili kimyakimya nako ni kuwadanganya wanaolinganisha ripoti. Niliacha 7.75, nikaandika sababu ndani ya skripti, kisha nikawaeleza.